Goti Likikatika Kabla ya Msimu: Kano ya Mwilini, Ligamenti Bandia au Kishikizo Bila Kisu?

Novemba 2017, Sam Docherty wa klabu ya Carlton ya Melbourne, beki aliyekuwa ametoka tu kuchaguliwa katika kikosi bora cha mwaka cha ligi kuu ya kandanda ya mtindo wa Australia (si soka), AFL, aliumia goti akiwa mazoezini, miezi minne kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Alifanyiwa upasuaji, akaukosa msimu wote wa 2018, akapitia hatua zote za kujiuguza kama zilivyopangwa, na Desemba 2018, timu ilipokuwa imeanza tena kujifua kwa msimu uliofuata, goti lilelile likaachia kwa mara ya pili. Hakucheza tena mechi ya ligi hadi mwaka 2020.

Nimeanza na kisa hicho kwa makusudi, kwa kuwa anayelinganisha tiba za goti huwa na haraka ya kuonyesha njia moja iliyo salama na nyingine iliyo ya kubahatisha, ilhali Docherty alifuata njia inayoaminiwa na wengi, akasubiri mwaka mzima, na bado ikamgeuka. Anayechagua achague akijua kwamba hakuna tiba inayokuja na hati ya dhamana. Kinacholinganishwa hapa ni njia tatu ambazo zimejaribiwa nchini Australia kwa mtu aliyekatika ligamenti (ukanda unaoshikanisha mfupa na mfupa) mtambuka ya mbele ya goti, ile ambayo wengi huijua kwa herufi ACL: kutengeneza ligamenti mpya kwa kano (ukanda unaoshikanisha msuli na mfupa) ya mgonjwa mwenyewe, kuweka ligamenti bandia, au kulifunga goti kwa kishikizo, yaani kifaa cha nje kinacholishika lisikunjuke, na kuiacha ligamenti ijiunge yenyewe.

Kwanza, kwa nini kipindi hiki cha maandalizi? Msimu wa AFL huanza Machi na kumalizika mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo wachezaji, vijana wakitangulia na wakongwe wakifuata, hurudi kambini kuanzia Novemba, wakati kusini mwa dunia jua la kiangazi linapoanza kukaza. Mchezo wenyewe ni wa kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla katika uwanja wa duara lenye umbo la yai ambao urefu wake unaweza kufika mita 185, na mchezaji wa kati hukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja. ACL mara nyingi haihitaji mtu wa kukugonga. Mchezaji hutua kwa mguu mmoja au hukata kona, unyayo ukabaki pale ulipo, na goti likaendelea na safari. John Orchard na wenzake, waliofuatilia majeraha ya ligi hiyo kwa miaka mingi, walieleza mwaka 2005 kwamba viwanja vya nyasi aina ya rai vilihusishwa na majeraha machache ya ACL kuliko viwanja vya nyasi za bermuda, ambazo husuka zulia nene linaloyashika meno ya njumu yasichomoke kirahisi. (Viwanja vingi vya mitaani huko huota nyasi ziitwazo kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina la watu wa huko hadi Perth, nazo pia husuka zulia la namna hiyo.) Ardhi kavu, nyasi za kiangazi na miili iliyotoka likizoni zikikutana, haishangazi kwamba klabu nyingi huanza msimu zikiwa na mtu mmoja wa magongo.

Kano ya mwilini

Hii ndiyo njia ya kawaida, na ndiyo inayostahili kupewa nafasi kubwa zaidi katika ulinganisho huu. Daktari huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe, hutoboa matundu katika mfupa wa paja na wa muundi, huipitisha humo na kuikaza, na kwa miezi mingi inayofuata mwili huivamia kano hiyo kwa mishipa ya damu na kuigeuza kidogo kidogo kuwa kitu kinachofanana na ligamenti. Jambo ambalo wachezaji wengi hawaelezwi vizuri ni kwamba katika wiki za mwanzo za mageuzi hayo kano hupungua nguvu kabla ya kuzipata tena. Goti linapoacha kuuma na kuvimba, yaani wakati mchezaji anapojiona amepona, ndani yake bado pana kitu dhaifu.

Swali la kwanza ni kano ya wapi. Australia imezoea kano za nyuma ya paja. Kovu lake ni dogo na mbele ya goti hakuumi sana, lakini katika mchezo huu kuna tatizo ambalo mashabiki wa soka watalielewa mara moja: tangu takwimu za majeraha za ligi zianze kukusanywa mwaka 1992, jeraha linalowatoa wachezaji wengi kuliko yote ni la nyama za nyuma ya paja. Unapomkata mkimbiaji wa namna hiyo kano ya nyuma ya paja ili kumjengea goti, unakopa mahali ambapo tayari pana deni. Kano hiyo huweza kuota tena kwa kiasi, ila nguvu ya kukunja goti kwa ndani mara nyingi hairudi yote. Kano ya chini ya kifuniko cha goti, kwa upande wake, hukatwa pamoja na vipande vya mfupa kwenye ncha zake, na mfupa hushikana na mfupa haraka kuliko kano inavyoshikana na mfupa. Bei yake ni maumivu ya kupiga magoti na udhaifu wa misuli ya mbele ya paja, ile inayotumika kupiga mpira. Kwa mchezaji wa pembeni ambaye kazi yake ni mbio, na hasa aliyewahi kuchanika nyama za paja, mimi ningeegemea kano ya mbele. Kwa mrukaji ambaye tayari analalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti, ningegeuza shauri.

Swali la pili ni kama daktari aongeze utepe wa tishu upande wa nje wa goti ili kuzuia mguu usijizungushe. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliohusisha vijana 618 waliopandikizwa kano za nyuma ya paja, waliofanyiwa upasuaji wa kawaida pekee walikatika tena kwa asilimia 11 ndani ya miaka miwili, na walioongezewa utepe huo kwa asilimia 4. Kwa kijana wa miaka 19 anayecheza mchezo wa kugeuka ghafla, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na daktari asiyeigusia katika mazungumzo ya kwanza aulizwe.

Umri nao una neno lake. Utafiti wa Melbourne wa Kate Webster na Julian Feller, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa walio chini ya miaka 20, asilimia 29 walikatika ACL kwa mara ya pili, ama katika goti lilelile au katika la pili. Kwa wachezaji wa ligi kuu, takribani robo tatu ya waliofanyiwa upasuaji huu hurudi kucheza katika kiwango hicho. Wengine hurudi wakiwa bora: Tom Liberatore wa Western Bulldogs alikatika Februari 2015 katika maandalizi, akaukosa mwaka huo wote, na Oktoba 2016 alikuwa uwanjani klabu yake ilipotwaa ubingwa wa kwanza tangu 1954. Wengine kama Alex Johnson wa Sydney, bingwa wa 2012 aliyeumia kabla ya msimu wa 2013, hujengewa ligamenti upya mara tano, husubiri hadi 2018, hucheza mechi mbili, na goti la pili likafuata.

Kuhusu muda, kuna takwimu moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa chumba cha tiba. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kutoka Norway ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliouongeza kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa tangu upasuaji, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa asilimia 51. Ndiyo maana klabu za AFL huhesabu miezi 12 kama kawaida, na ndiyo maana utamwona mchezaji wa namna hiyo wiki baada ya wiki akiwa peke yake ukingoni mwa uwanja na mtaalamu wa tiba ya viungo, huku wenzake wakicheza katikati. Anasimama kwa mguu mmoja juu ya mstari wa chokaa, anaruka mara tatu mfululizo bila kushusha wa pili, mtaalamu anavuta futi na kuandika. Kisha mguu mwingine. Mguu ulioumia usipofika angalau asilimia 90 ya mzima, anarudi kwenye baiskeli.

Ligamenti bandia

Njia hii ndiyo iliyowahi kuwatia wazimu mashabiki. Ligamenti iitwayo LARS, iliyobuniwa Ufaransa, ni fungu la nyuzi za poliesta linalowekwa ndani ya goti kama kamba ya kushikilia mabaki ya ligamenti iliyokatika. Haina haja ya kusubiri mwili uigeuze, kwa sababu nguvu yake yote iko pale siku inapofungwa. Ndipo hesabu ikashuka kutoka miezi 12 hadi takribani mitatu au minne. Nick Malceski wa Sydney aliumia mwanzoni mwa 2008, kabla ya msimu, akachagua njia hiyo, na akacheza msimu uleule. Miaka minne baadaye, dakika za mwisho za fainali ya 2012, ndiye aliyepiga bao lililozima matumaini ya Hawthorn. Baada ya tukio kama hilo, nani angemshawishi mzazi wa kijana aliyekatika kwamba kusubiri mwaka ni busara?

Lakini kamba haiponi. Kano iliyopandikizwa ikishakuwa hai hujikarabati inapochoka, na nyuzi za poliesta hukwanguka kwenye kingo za matundu ya mfupa, mwaka baada ya mwaka, bila kujirudisha. Vizazi vya awali vya ligamenti bandia, vya miaka ya 1980, viliachwa kwa sababu chembechembe zake zilichokoza utando wa goti ukavimba. LARS iliundwa ili kukwepa kasoro hiyo na kwa kiasi fulani imefanikiwa, ila madaktari wengi wamerudi nyuma, na leo haishiki tena nafasi iliyowahi kuishika. Tena ikikatika, daktari wa pili hukuta matundu yaliyopanuka na nyuzi za kuchambua kabla hajaanza kazi yake.

Sitaki kuifuta kabisa. Mchezaji wa miaka 33 mwenye mkataba wa mwaka mmoja, anayejua kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho kwa vyovyote, na ambaye mabaki ya ligamenti yake yako katika hali ya kushikika, ana sababu za kuitazama. Kijana wa miaka 20 hana.

Kishikizo bila kisu

Njia ya tatu ni mpya, na ilitoka kwa mtu ambaye hukutarajia. Merv Cross alikuwa daktari wa mifupa wa Sydney aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupasua magoti ya wanamichezo, na ndiye, pamoja na mwanawe Tom, aliyebuni utaratibu wa kuiacha ligamenti ijiunge. Goti linafungwa kwa kishikizo likiwa limekunjwa nyuzi 90, kwa sababu katika mkunjo huo ncha mbili zilizoachana hukaribiana. Linabaki hivyo wiki nne, mchana na usiku. Mgonjwa hatii mguu chini. Anatembea kwa magongo huku unyayo ukining'inia nyuma yake, anaoga akiwa ameketi, analala kwa kutafuta upande, na hupewa dawa za kuzuia damu isigande kwenye mishipa ya mguu uliotulizwa. Kuanzia wiki ya tano kishikizo hufunguliwa nyuzi chache chache, na katika wiki ya 12 kinavuliwa.

Matokeo ya wagonjwa 80 wa kwanza yalitolewa mwaka 2023: kipimo cha MRI cha mwezi wa tatu kilionyesha dalili za kuunga kwa 72 kati yao, yaani asilimia 90, na 11 waliumia tena baadaye. Takwimu hiyo ya 90 imesambaa sana, na inatakiwa isomwe taratibu. Dalili za kuunga kwenye picha si sawa na goti linaloweza kukata kona mbele ya beki wa kilo 95. Kulikuwa na viwango vya kuunga, na walioungana vizuri zaidi ndio waliokuwa na magoti imara zaidi. Hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, na wagonjwa hao hawakuwa kikosi cha wachezaji wa kulipwa. Pamoja na hayo yote, ni jambo kubwa, maana kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ACL iliyokatika haiungi.

Njia hii haimfai kila mtu. Inategemea ncha zimeachana kwa umbali gani na zimelala wapi, jambo linalosomwa kwenye MRI na mtu aliyezoea. Gegedu, ile tishu laini inayotenganisha mifupa ya goti, ikichanika na kukwama katikati huhitaji kisu hata hivyo, na aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda huwekwa kando. Na inategemea siku: katika utafiti huo kishikizo kilifungwa ndani ya wiki nne tangu ajali, na kadiri siku zinavyopita ndivyo ncha zinavyosinyaa.

Novemba si Februari

Hapa ndipo ninapotofautiana na ulinganisho mwingi, ambao huweka miezi ya kupona kwenye safu moja na kumwachia msomaji achague namba ndogo. Jeraha la maandalizi lina tarehe, na tarehe hubadilisha thamani ya kila njia.

Mchukue aliyeumia Novemba 20 na kupasuliwa mwanzoni mwa Desemba. Mwezi wake wa tisa unaangukia Septemba, wakati wa mechi za mtoano, na huo ndio mtego, kwa sababu klabu iliyofika huko itamtazama kwa jicho la njaa. Akiupita mtego, mwezi wa 12 unamkuta Desemba, akiwa na maandalizi kamili mbele yake. Sasa mchukue aliyeumia Februari 20. Mwezi wake wa 12 tangu upasuaji ni Machi, juma la mechi ya kwanza ya msimu wa pili, na maandalizi yote ameyafanya nusu nusu. Kwa huyu shinikizo haliji mwaka huu, linakuja mwakani, na ningemshauri ajiwekee nadhiri mapema kwamba atarejea Mei.

Kishikizo ukikipima kwa kalenda hiyo, kinaonekana kwa sura nyingine. Hakiokoi muda, kwa kuwa baada ya wiki 12 mguu umenyauka na safari ya kuujenga ni ndefu. Anayekichagua anachagua kubaki na ligamenti yake na kano zake zote, si kurudi mapema. Swali ni nini kitatokea kikishindwa. Aliyefungwa Novemba hupigwa MRI Februari. Picha ikiwa mbaya, anapasuliwa Machi na kurejea Mei ya msimu unaofuata kama yule wa Februari; ukiacha wiki hizo chache, amepoteza msimu ambao angeupoteza kwa vyovyote. Aliyefungwa mwishoni mwa Februari hujua ukweli mwishoni mwa Mei, hupasuliwa Juni, na nusu ya msimu wa pili imeondoka nayo. Kwa hiyo, goti lenye mkatiko unaofaa likiumia Novemba, mimi ningejaribu kishikizo kwa moyo mweupe. Likiumia wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, ningekwenda moja kwa moja kwenye kano. Kwa wanawake hesabu ni ileile ila miezi inahama, kwani ligi yao ya AFLW, iliyoanza 2017 na ambayo majeraha ya ACL ndani yake ni mengi kuliko ya wanaume, siku hizi huanza Agosti na maandalizi yake huangukia baridi.

Klabu, kwa upande wake, haina tena kisingizio kikubwa cha kuharakisha. Kanuni za sasa huiruhusu kumsajili mtu wa kuziba pengo kabla ya msimu kuanza, na tangu 2019 upo uteuzi wa wachezaji wapya katikati ya msimu, ambao mwaka wake wa kwanza ulimleta Marlion Pickett katika klabu ya Richmond. Mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi ilikuwa fainali, nao wakashinda. Kocha anayekuambia kikosi hakina mbadala hajatafuta.

Wiki ya kwanza ndiyo yenye kazi nyingi, na mchezaji hupoteza siku zake akisubiri uvimbe ushuke. Kipimo cha MRI kipatikane ndani ya siku chache, kisomwe na watu wawili, mmoja wao awe anayejua kishikizo, kwa sababu kano inaweza kuchukuliwa wiki yoyote lakini ncha za ligamenti hazisubiri. Daktari aulizwe waziwazi atachukua kano gani na kwa nini, ataongeza utepe wa nje au la, gegedu zikoje, na amewapasua wachezaji wangapi wa mchezo huu. Na kabla hajasaini karatasi yoyote, mchezaji na klabu waandike pamoja tarehe ambayo kabla yake hatavaa jezi, hata fainali ikiwa kesho yake.